Nyota Mbili za Katikati

Mama yangu alikuwa akijipima macho kwa Kilimia. Miwani hakuwahi kuvaa, na hospitali kwake ilikuwa mahali pa kwenda kujifungua au kufia, basi. Kila mwaka Kilimia kilipoanza kuonekana mwanzoni mwa jioni, alitandika mkeka uani, akainua uso na kuzihesabu zile nyota zilizobanana pamoja. Usichanani alihesabu saba. Aliponifundisha mimi, palepale uani kwetu Mtawanya, yeye alikuwa bado na saba na mimi naishia sita, naye akanicheka mpaka akakohoa. "Msomi huyu! Anashindwa na mlima mihogo."

Miaka mitatu iliyopita alihesabu nne. Mwaka uliofuata ilibidi nimshike kidevu nimgeuze, maana kabla ya kuzihesabu alikuwa haoni hata ziliko. Nikampeleka hospitali nikiwa nimeshachelewa. Daktari alizungumza na mimi badala ya kuzungumza naye mgonjwa, kama walivyozoea. Ni presha ya macho, alisema. Huanza kula kuona kwa pembeni, polepole, haiumi, na mtu hatambui mpaka kimebaki kitundu tu katikati. Kilichokwisha kuliwa hakirudi. Matone aliyotuandikia yalikuwa ya kuchelewesha.

Mama alisikia kila neno. Kwenye bajaji ya kurudi, tulipokaribia nyumbani, akauliza, "Hicho kitundu kitabaki mpaka lini?"

"Hajasema, mama. Pengine mwaka."

"Basi Shaaban hii niitie wanangu. Wote watano, uani, siku moja. Niwatazame mmoja mmoja. Nikimaliza, na kizibe."

Hilo ndilo alilolitaka. Sikuwahi kumsikia akitaka kitu kingine kwa sauti ile, na hilo moja mimi nililishindwa. Sisimulii ili nionewe huruma. Huruma wapewe wenye haki nayo.

Tuko watano. Mimi ni wa kwanza, mwalimu wa fizikia. Niliolewa mara moja, ndoa ikawa fupi, nikarudi kwa mama na sikutoka tena. Anayenifuata ni mwanamume, yuko Dar es Salaam. Wa tatu ni mdogo wangu wa kike aliyeolewa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji. Wa nne yuko Songea. Kitindamimba wetu anaendesha bajaji na anaishi Ufukoni. Kutoka kwetu hadi kwake chai haijapoa.

Kwetu, Shaaban ni mwezi wa kuwarehemu wazee. Kabla ya mfungo makaburi hufyekwa, dua husomwa, watu hula pamoja. Lakini watu hawaji hivi hivi, huitwa, na kuitwa kuna utaratibu wake. Kazi hiyo ilikuwa ya mjomba wangu, kaka yake mama. Alifunga unga wa mtama kwenye kitambaa cheupe, akaenda mlango kwa mlango. Kwa walio mbali alipanda basi. Hakuwa na hotuba. Alifungua kitambaa, mwenye nyumba akachota unga kidogo akautia ndani ya unga wake wa kula. Ukishautia umeitika, na hapo udhuru unabaki maradhi au kifo. Mwaka wake wa mwisho nilimwona akipanda basi la Newala na miguu imevimba, viatu kavishika mkononi. Nilimwambia apige simu. Alinitazama kama niliyetukana.

Alipofariki, kitambaa kilirudi kwa mama, na mama akanikabidhi mimi, maana kwetu ukoo hufuata tumbo la mama na mimi ndiye binti mkubwa. Nilikikunja nikakiweka kabatini, chini ya vyeti vyangu. Kisha nikaunda kundi kwenye simu.

Nilimwambia mama nina vipindi vingi, nauli zimepanda, barabara ya ng'ambo imeharibika kwa mvua. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa sababu. Sababu ni kwamba sikutaka kusimama mlangoni kwa mtu na unga mkononi kama mwombaji, hasa kwa ndugu watatu niliojua wana kinyongo nami. Nikaandika: "Assalaam alaykum ndugu zangu. Dua ya wazee ni Jumapili ya mwisho ya Shaaban. Mama anaumwa macho. Wote mfike bila kukosa." Ule mstari wa mwisho ni mwalimu anayewaandikia wazazi wa wanafunzi. Alama zikageuka buluu moja baada ya nyingine. Wa Dar es Salaam aliweka kidole gumba. Wa Songea aliweka viganja viwili vilivyokutana, na mpaka leo sijui kama ilikuwa dua au samahani.

"Umewafuata?" mama aliniuliza.

"Nimewaambia, mama. Wote wamesoma."

"Mie nimekuuliza, umewafuata?"

"Mama, siku hizi watu hawafuatwi. Watu wanaelewana kwenye simu."

"Haya," alisema. Mama akisema haya kwa namna ile, mjadala umefungwa na aliyekosea ameshajulikana.

Jumapili hiyo majirani walikuja kupika tangu alfajiri. Mama alivaa kanga mpya, akataka kiti chake kiwekwe mbali kidogo na mlango wa ua, kiutazame sawasawa. Nilidhani anataka upepo. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa anakielekeza kile kitundu chake. Angekaa karibu, watu wangempita pembeni asiwaone. Pale alipokaa, kila anayeingia alipita katikati ya kitundu. Alikaa hivyo kuanzia saa tatu asubuhi. Shehe aliingia, majirani wakaingia, wazee wa msikitini wakaingia. Mama aliwatazama wote kwa adabu, mmoja mmoja, kisha akarudisha macho mlangoni. Dua ikasomwa. Wali ukaliwa. Mashangazi wa mtaa wakaanza kunong'ona na kukusanya sahani, na mimi nikawa nazunguka na simu mkononi kana kwamba waalikwa watatokea humo ndani.

Alasiri, kitindamimba akaja. Aliiacha bajaji yake nje inanguruma, akasimama mlangoni bila kuvua kofia.

"Umechelewa," nikamwambia.

"Sijachelewa, dada. Mie sikuitwa. Nimetangaziwa tu, kama watu wa mkutano wa hadhara. Nimepita kumwamkia mama."

"Uko hapo Ufukoni! Ulitaka nije nikupigie magoti?"

"Nilitaka uje. Basi. Mwaka wa nne huu nimeoa, dada, na hujui mlango wangu una rangi gani."

"Punguza sauti, mama ana presha."

Mama alikuwa ameshamjua kwa sauti. Akanyoosha mkono. "Sogea hapa, kitinda, nikuone." Mdogo wangu akavua kofia, akachuchumaa mbele ya kiti. Jua la alasiri lilikuwa linampiga mama usoni, na macho yake yalikuwa yanatoka machozi. Mimi ndiye ninayemtia mama matone. Mimi ndiye ninayejua saa gani jua linamuumiza. Nikasema, "Mama, usijichoshe, jua hili litakuumiza," nikakishika kiti, nikakigeuza kielekee ukutani.

Nilifanya hivyo kwa mapenzi. Hilo ndilo linalonitia kichaa.

Mdogo wangu aliinuka polepole. Alinitazama mimi, si mama. Akavaa kofia yake, akatoka, na bajaji ikaondoka.

"Kaondoka?" mama aliuliza, uso umeelekea ukutani.

"Ana haraka, si unamjua."

"Nilikuwa sijamfika usoni," alisema mama.

Kitundu kiliziba mwanzoni mwa Aprili. Asubuhi moja aliniuliza kwa nini sijafungua dirisha, na dirisha lilikuwa wazi. Hakulia. Alikaa kitandani kitambo, akapapasa kanga yake, akajifunga, kisha akasema, "Waje hivyo hivyo. Sasa nitawashika nyuso." Nilikwenda jikoni nikalia mimi, nikauma upindo wa kanga ili asinisikie.

Somo la elimu ya anga liko mwishoni mwa silabasi ya kidato cha nne, na walimu wengi hulipitia mbio mbio. Mimi nalipenda. Kila mwaka nawaambia wanafunzi watazame Kilimia, kisha lile fungu la nyota lililo jirani yake lenye umbo la pembe mbili, ambalo umri wake ni mkubwa zaidi na nyota zake zimeshaanza kutapanyika. Nawaambia fungu la nyota ni familia. Zimezaliwa katika wingu moja, kila moja inaivuta nyingine, na kuvutana huko ndiko kunakozishika. Na kila mwaka, nikifika hapo, moyoni nilijiona mimi: dada mkubwa, aliyebaki katikati, anayeushika ukoo usimwagike.

Wiki ile ya Aprili, mvua inapiga bati la ofisi ya walimu, nilikuwa nasoma kitabu cha msaada kuhusu mafungu ya zamani na jinsi yanavyokwisha. Sehemu ya kwanza niliijua. Nyota zikipishana miaka na miaka, zile nzito huzama katikati na zile nyepesi husukumwa pembeni. Iliyo pembeni haihitaji kufukuzwa. Siku moja mwendo wake unatosha, inateleza inakwenda zake, na haina kishindo. Mdogo wangu wa Songea ndivyo alivyotutoka. Hatukugombana naye hata siku moja. Alikuja kila Idi, kisha Idi moja moja, kisha akawa anatuma salamu. Kila anayeondoka anaondoka na sehemu ya ule uvutano, kwa hiyo waliobaki wanashikwa kidogo zaidi, na anayefuata anaondoka kwa urahisi zaidi.

Ukurasa uliofuata ndio ulioniua. Pale katikati, kilisema kitabu, nyota mbili nzito huweza kukamatana, zikawa maradufu, zinazungukana kwa karibu. Nyota ya tatu ikija karibu nazo haikai. Zile mbili huipa mwendo, zikairusha nje kwa kasi kubwa kuliko iliyokuja nayo. Na kila zinapoirusha moja, zenyewe husogeleana zaidi. Inakuja nyingine, inarushwa, zinasogeleana. Fungu linakwisha hivyo. Mwisho wake mara nyingi hubaki zile mbili, peke yao, zimebanana.

Niliusoma mara tatu. Mwalimu wa dini aliyekaa meza ya jirani aliniuliza kama nimepata habari mbaya.

Mdogo wangu wa Dar es Salaam alikuja Idi moja, miaka minne nyuma, na mkewe ambaye ni muuguzi. Yule shemeji yangu alimwona mama akijigonga kwenye kizingiti cha upande mmoja mara mbili kwa siku moja. Akasema kwa upole kwamba macho yale yapimwe, na kwamba wako tayari kuondoka naye. Mama na mimi tukatazamana tukacheka. "Macho yangu yanahesabu Kilimia," mama alisema, na mimi nikaongeza kwamba wengine wakikaa Dar wanaona kila mtu wa Mtwara mgonjwa. Wote uani wakacheka. Waliondoka kesho yake, pilau la Idi bado limo sufuriani. Jioni ile mama aliniambia, "Afadhali tumebaki sisi," nami nikafurahi. Nilifurahi, jamani. Yule mwanamke alikuwa ameyaona macho ya mama yangu yakiwa bado yanaokoleka.

Mdogo wangu wa kike alikuja kujifungulia kwetu, akae arobaini kwa mama yake kama inavyotakiwa. Mimi na mama jikoni hatusemezani. Mmoja akinyoosha mkono, mwenzake ameshampa mwiko. Yeye kila alichokishika alikuta kimeshafanyika. Siku moja alitia chumvi kwenye mboga iliyokwisha kutiwa chumvi, na hakuna aliyemwambia kitu, tuliimwaga tu tukapika nyingine. Siku ya kumi na mbili alimfunga mtoto mgongoni akaenda kupanda kivuko. Mama alisema ndoa ya ng'ambo imemharibu. Nikaitikia.

Wahenga walisema, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, na wakipatana chukua kapu ukavune. Mimi nilikuwa nimechukua vyote viwili. Niliwagombanisha, na nikavuna mama.

Jumamosi nilikitoa kitambaa cheupe kabatini. Nilichota unga wa mtama, nikaufunga, nikamwambia mama naenda sokoni. Ufukoni niliuliza njia mara mbili. Aibu hiyo nilistahili. Mlango wa mdogo wangu ni wa kijani. Yeye alikuwa kazini. Mkewe alifungua, akanitazama, akakitazama kitambaa. Nilikifungua. Unga ukamwagika kidogo kizingitini. Akachota, akaingia ndani, na nikasikia kifuniko cha ndoo ya unga kikifunguliwa na kufungwa. Aliporudi alisema, "Karibu ndani, wifi." Nilimshukuru, nikasema nina haraka.

Nilirudi nikiwa mwepesi. Nataka hilo lijulikane, kwamba kwa muda wa safari moja ya bajaji niliamini mambo yanaweza kurekebishika.

Jioni tuliswali magharibi, tukakaa mkekani. Mvua ilikuwa imekatika na Kilimia kilikuwa chini kabisa, juu ya mikorosho, siku zake za mwisho kabla hakijazama. Mama alikuwa anahesabu tasbihi. Simu ikalia. Kitindamimba.

"Dada. Unga nimeukuta ndani ya ndoo." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia na kumaliza. "Nimezungumza na wa Dar na wa Songea, wanakuja. Kwa dada wa ng'ambo nitaupeleka unga mie mwenyewe. Ila tumesemezana, tukutane hapa kwangu. Mama nije nimchukue kesho, akae kwetu kwa muda, na wewe upumzike. Umechoka, dada. Nipe niongee naye."

Mama alikuwa kando yangu. Goti lake liligusa langu. Punje za tasbihi zilikuwa zinapita vidoleni mwake.

Nilijua kila kitu. Hakuna aliyejua zaidi yangu. Nilikuwa nimeusoma ukurasa ule mara tatu na kuupigia mstari kwa kalamu nyekundu. Nikauona ua ule bila mama. Nikamwona mtu mwingine anamtia matone, mtu mwingine anampa mkono wa kwenda msalani, na mimi kwenye mkeka ule, mwenyewe.

"Mama amelala," nikasema.

Akauliza, "Saa hizi?"

"Amelala." Nikageuza uso, nikanong'ona. "Na usije kesho, hali yake si ya kuhamishwa. Nitakupigia."

"Haya, dada," alisema, na haya ile ilikuwa ya mama mtupu. Akakata.

Tasbihi ilikuwa imesimama. "Nani huyo?" mama aliuliza. "Nani amelala?"

"Watu wa mtandao, mama. Wanauza vifurushi. Ukiwaambia hivyo wanaacha."

"Nilidhani ni mmoja wao."

"Hapana."

Akageuza uso upande wa mikorosho, ambako hakukuwa na kitu tena kwa ajili yake. "Kilimia bado kipo?"

Nikatazama. Kilikuwepo, hafifu, nusu kimeshaingia majanini. Nilihesabu tatu.

"Kimeshazama, mama."

"Haya," alisema. Akapapasa mkeka mpaka akaupata mkono wangu. "Basi sogea, mwanangu. Nimebaki na wewe tu."

Nikasogea.